Picha Zimegoma Kufunguka: Lipia Nini, Usilipie Nini

Kompyuta ya nyumbani ikikuambia kwamba maktaba ya picha imeharibika, au folda ya harusi ya Tanga ikifunguka tupu, usikimbilie kwa fundi. Zima kompyuta kwanza, kisha hesabu pesa ulizonazo. Kroni yako ya kwanza haiendi kwa fundi, wala haiendi kwenye programu ya kuokoa mafaili. Inaenda kwenye diski tupu ya kunakilia. Ukiipata hiyo, mengi yanayobaki unaweza kuyafanya hapa hapa Tumba, Sweden, mezani kwako, bila kupanda treni.

Sababu ya kuzima ni hii. Faili likifutwa au folda ikivurugika, picha zenyewe mara nyingi bado zimo ndani ya diski. Kilichopotea ni anwani yake. Kompyuta huiona nafasi ile kuwa wazi na iko tayari kuandika kitu kingine juu yake. Ukiendelea kuangalia video, kupakua masasisho au kusakinisha programu kwenye diski ile ile, huenda unazifukia picha zako mwenyewe. Kuzima ni bure, na ndiyo hatua inayookoa picha nyingi kuliko zote.

Tatizo hili limekuwa la kawaida kwa sababu nyingine pia. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kaya nyingi zimekuwa zikihamisha vitu kwenda kompyuta mpya au iliyotumika. Maktaba ya picha ya miaka kumi na mitano inavutwa na kipanya kama wimbo mmoja, waya unachomolewa kabla kazi haijaisha, halafu lawama anapewa mtoto.

Kilichoharibika ni kipi?

Bei yote inategemea jibu la swali hili, kwa hiyo lijibu wewe kabla mtu mwingine hajakujibia kwa ankara. Huenda kilichoharibika ni orodha ya programu ya picha, mpangilio wa mafaili kwenye diski, au chuma chenyewe. La kwanza linatengenezeka bure. La pili ni mamia ya kroni. La tatu ni maelfu.

Anza na la bure. Programu nyingi za picha huweka orodha yake kando: picha ipi iko albamu gani, nani kawekewa alama, nini kimerekebishwa. Orodha ikiharibika, programu inagoma na wewe unadhani picha zimekwenda. Ni sawa na daftari la stoo kuloa maji: hesabu imepotea, magunia yapo.

Kwenye kompyuta za Apple, maktaba inaonekana kama faili moja kubwa ndani ya folda ya picha. Kwa kweli ni folda iliyofungwa. Ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua kuonyesha yaliyomo, na utakuta humo folda iitwayo originals; kwenye maktaba za kale za iPhoto inaitwa Masters. Ndani ya originals kuna vifolda vyenye jina la tarakimu au herufi moja, 0 hadi 9 na A hadi F, na ndani yake picha zenye majina marefu ya namba na herufi yasiyosomeka. Usitishwe na majina. Fungua chache, za mwanzo na za mwisho. Zikifunguka nzima, huna haja ya kulipa mtu: nakili folda yote kwenye diski nyingine, kisha anzisha maktaba mpya na uziingize upya. Tarehe na saa ya kupigwa picha zimo ndani ya picha yenyewe, hivyo zitajipanga. Utakachopoteza ni albamu na majina ya watu.

Ukishanakili, na si kabla, unaweza kujaribu ukarabati uliomo kwenye programu yenyewe: shikilia vitufe vya Option na Command unapoifungua. Huo nao ni bure. Angalizo moja: kama uliwahi kuchagua kubana nafasi kwa kutumia wingu, picha kamili huenda hazimo kwenye kompyuta kabisa, zimo kwenye wingu, na mezani una vivuli vyake tu.

Kwenye Windows, kuwa mwangalifu na lile dirisha linalojitokeza ukichomeka diski na kukuomba ruhusa ya kukagua na kurekebisha. Likatae mpaka uwe na nakala. Ukaguzi ule unataka diski itumike tena, na picha zako si shida yake. Kama tayari umeukubali, tafuta folda iliyofichwa yenye jina FOUND.000. Humo hutupwa vipande visivyo na mwenyewe, vyenye majina kama FILE0000.CHK. Nakili kimoja mahali pengine, badilisha mwisho wake uwe .jpg, ukifungue. Mara nyingine sura ya mtu inatokea.

Halafu kagua mawingu, tena leo, kwa sababu hapa ndipo penye saa inayokimbia. Kisanduku cha taka cha iCloud hushika picha kwa siku 30, cha OneDrive ya mtu binafsi siku 30, na cha Google Photos siku 60 kwa picha zilizokuwa zimehifadhiwa huko. Windows ina tabia ya kuihamishia folda ya picha kwenye OneDrive wakati wa kuisakinisha, na mwenyewe asitambue. Ingia kwa simu kupitia kivinjari, usiiwashe kompyuta mbovu kwa kazi hiyo. Na nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5 tu, kwa hiyo usitegemee kukuta kila kitu.

Diski ikilia, iache

Diski ya kuzunguka yenye afya hunguruma kidogo na kutulia. Ikitoa mlio wa tik, tik, tik, ikanyamaza, ikaanza tena, kichwa cha kusomea kimepata hitilafu. Chomoa. Usiijaribu mara nyingine ili umsikilizishe jirani. Usiitie kwenye friza, usiifukie kwenye mchele, usifungue kifuniko. Vumbi dogo tu linatosha kuikwaruza. Diski hii si ya programu yoyote, ya bure wala ya kulipia. Ama inakwenda maabara, ama inakaa kabatini mpaka pesa ipatikane.

Na kukaa kabatini si vibaya. Diski ya aina hii ikizimwa na kuhifadhiwa pakavu haiozi ndani ya miezi michache, na kusubiri hakuna riba. Mkopo wa haraka unao. Duka likikupa njia ya kulipa kidogo kidogo, jumlisha riba, ada ya kufungua na ada ya kila ankara kabla hujasaini.

Diski za SSD ni kimya hata zikifa. Hizo zina jambo lake baya ambalo wauzaji wa programu hawaliandiki kwa herufi kubwa: ukifuta faili kwenye SSD ya ndani, kompyuta huiambia diski kwamba nafasi ile haihitajiki tena, na diski huisafisha yenyewe. Kwa picha zilizofutwa kwenye SSD, programu ya kroni elfu moja aghalabu haitakupa kitu. Weka pesa yako mfukoni, tafuta nakala kwingine.

Kama diski inaonekana na hailii, pima afya yake. CrystalDiskInfo ni programu ya bure ya Windows: buluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Iweke kwenye kompyuta nyingine nzima na uchomeke diski yako hapo. Ikiwa njano, nakili kwanza, maswali baadaye.

Diski tupu ya kununua

Ukubwa gani? Picha ya simu au kamera ndogo ni kama MB 4. Picha 20,000 ni GB 80 hivi, basi diski ya TB 4 iliyo kwenye punguzo si ya shida yako. Lakini kama diski ni mgonjwa na unataka kuinakili yote, kipande kwa kipande, nakala inahitaji diski isiyopungua ile ya zamani. Soma lebo kabla ya kwenda dukani.

Diski ya nje ya kuzunguka, ya TB 1 au 2, mara nyingi huangukia kati ya kroni 700 na 1,200 katika maduka ya vifaa vya umeme, yakiwemo yale ya Kungens Kurva. Ni nzito, ni ya polepole, haipendi kudondoshwa. Kwa kazi hii inatosha, na ndiyo ningenunua.

SSD ya nje ya TB 1 kwa kawaida inapita 1,000. Ni ya kasi na haijali kudondoka. Inafaa kwa anayesafiri nayo. Kwa kukaa kabatini miaka bila umeme si chaguo zuri, kwa sababu chaji inayoshika data hupungua taratibu.

Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia.

Diski iliyotumika kwenye matangazo ya mtandaoni, kroni 200, unaichukua kesho kituoni na kulipa kwa simu kupitia Swish? Hapana. Kioo cha kompyuta kilichotumika nunua, kibodi nunua, diski acha. Saa ilizozunguka zimeandikwa ndani yake na muuzaji hajakutajia.

Zipo pia zile diski za TB 16 zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Ndani mara nyingi kuna kadi ndogo ya memori iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Unanakili picha zote, kila kitu kinaonekana sawa, halafu unagundua za mwisho zimeandikwa juu ya za mwanzo. Kipimo kipo na ni cha bure: H2testw kwa Windows, F3 kwa Apple na Linux. Huijaza diski yote kisha huisoma upya. Kinachukua saa nyingi. Acha kifanye kazi usiku. Ukiagiza kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, kumbuka pia moms (kodi ya ongezeko la thamani) na ada ya kushughulikia kifurushi ikiwa muuzaji hakuilipa kabla. Haki ya siku 14 ya kurudisha bidhaa iliyonunuliwa mtandaoni ipo kisheria, lakini muuzaji asiye na anwani Ulaya utamshika wapi?

Kama kompyuta ndiyo iliyokufa na diski ni nzima, unahitaji tu waya wa kuigeuza diski ya ndani kuwa ya nje, kati ya kroni 150 na 300. Diski ndogo ya kompyuta ya mkononi hupata umeme kupitia waya huo huo. Diski kubwa ya kompyuta ya mezani inahitaji waya wenye plagi yake ya ukutani, nao ni ghali kidogo. SSD nyembamba mfano wa kipande cha bazoka inataka kasha la aina yake. Uliza jirani kabla ya kununua. Waya huu watu huutumia mara moja na kuusahau kwenye droo.

Gharama iliyojificha hapa si ya pesa. Kompyuta nyingi za Windows za miaka ya karibuni hufunga diski kwa BitLocker. Ukiihamisha, inadai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha kompyuta, pengine ile ya barua pepe ya zamani uliyosahau nenosiri lake. Utafute kabla ya kununua chochote, maana bila ufunguo huo hata maabara haifanyi kitu. Na kwa kompyuta za Apple zenye chipu za M, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020, diski imechomelewa na imefungwa kwa siri. Hakuna cha kuchomoa. Ubao ukifa, lazima ubao uamshwe kwanza.

Programu: ya bure inatosha mpaka wapi

Kwa diski isiyolia, au kadi ya kamera iliyofutwa, anza na PhotoRec. Ni ya bure kabisa, haina toleo la kulipia lililojificha nyuma yake, na inafanya kazi Windows, Apple na Linux. Haijali folda wala orodha. Inapita diski ikitafuta alama ambazo kila picha ya JPEG huanza nazo, na kuitoa.

Sura yake haivutii: dirisha jeusi, maandishi, mishale. Matokeo yake nayo yanahitaji moyo. Unapata folda recup_dir.1, recup_dir.2, na kuendelea, na ndani yake mafaili kama f0482560.jpg. Harusi, pasipoti ya mtoto, tangazo la duka la vyakula na nembo za kurasa za intaneti, vyote vimechanganyika. Panga kwa ukubwa kwanza na ufute vidogo, kisha panga kwa tarehe iliyomo ndani ya picha. Nusu ya takataka itakuwa imeondoka.

Kwa diski yenye maeneo mabovu lakini bado inasomeka, ipo GNU ddrescue, nayo ya bure, inayoendeshwa kutoka flashi ya Linux. Husoma sehemu nzima kwanza, kisha inarudi kwenye zile mbovu, na inaweka ramani ili ikikatika iendelee ilipoishia. Ukishapata nakala, PhotoRec unaiachia nakala, diski mgonjwa inapumzika. Kama kuandika amri kwenye dirisha jeusi kunakutisha, hii ndiyo kazi ya kumlipa kijana anayeijua saa mbili. Programu ya kulipia haitaifanya vizuri zaidi.

Programu za kulipia nyingi ziko karibu na kroni 700 hadi 1,100. Unachonunua ni sura nzuri na, pengine, majina ya folda yakiwa yamerudi. Majina hayo yana thamani kama una miaka ishirini ya folda zilizopangwa vizuri. Kama picha zako zilikuwa shaghalabaghala tangu mwanzo, unalipia nini?

Kabla hujatoa kadi ya benki, angalia mambo haya. Bei ni ya mara moja, au ni usajili unaojirudia kila mwezi au kila mwaka? Kitufe kikubwa mara nyingi ni cha usajili. Toleo la majaribio likikuonyesha picha ndogo, usiridhike. Picha nyingi hubeba kijipicha chake ndani, na kijipicha kinaweza kuwa kizima wakati picha yenyewe imekatika. Ikuze ijae kioo. Ukiona nusu ya chini ni kijivu au ina mistari ya waridi, ndivyo utakavyoipata baada ya kulipa. Na zile tovuti zinazoahidi kuponya JPEG mbovu, kumbuka unapakia sura za watoto wako kwa mtu usiyemjua.

Fundi gani, na kwa bei ipi hasa

Fundi anayekuja nyumbani ndiye ambaye watu wengi hawajui kwamba serikali inamlipia nusu. Tangu Agosti 2016, kazi za kompyuta zinazofanyika nyumbani kwako zimo kwenye punguzo la RUT: asilimia 50 ya gharama ya kazi inakatwa kwenye ankara, na fundi anadai iliyobaki kwa mamlaka ya kodi, Skatteverket. Tuseme anatoza kroni 900 kwa saa pamoja na moms. Wewe unalipa 450. Masharti yake ni ya kweli, si mapambo. Kazi ifanyike nyumbani: ukiipeleka kompyuta karakana, au fundi akiingia kupitia intaneti, hakuna RUT. Usafiri na vifaa havimo. Fundi lazima awe na F-skatt (usajili wa kodi wa mwenye biashara), na wewe uwe unalipa kodi ya kutosha kukatwa. Malipo yapitie benki au njia nyingine inayoacha alama, si noti mkononi. Muulize kabla hajaja kama kazi yako anaiingiza kwenye RUT, na akuandikie.

Karakana ya dukani inafaa kwa kuhamisha mafaili kutoka kompyuta iliyokufa. Ongeza nauli: tiketi moja ya SL, usafiri wa umma wa Stockholm, inapita kroni 40, na kuna safari ya kupeleka na ya kuchukua. Dakika 75 za tiketi zinaweza kukurudisha kama foleni ni fupi.

Maabara yenye chumba kisicho na vumbi ndiyo pekee kwa diski inayolia. Bei yake kwa kawaida huanza maelfu kadhaa na inaweza kupita 10,000. Ni pesa nyingi, na kwa picha za mtu aliyekwisha fariki huenda ni sawa. Kwa picha za likizo zilizomo pia kwenye simu ya mumeo, si sawa. Lakini ukiamua kwamba ni maabara, basi iwe ya kwanza. Diski iliyokwisha kufunguliwa na fundi wa bei nafuu hugharimu zaidi, au inakataliwa.

Hapa sasa ndipo bei ndogo inapokua. Bei iliyoandikwa exkl. moms (bila moms) haijaisha: 4,000 inakuwa 5,000. Uchunguzi wa bure mara nyingine ni bure ukikubali bei tu. Ukikataa, unadaiwa undersökningsavgift (ada ya uchunguzi) au gharama ya kukurudishia diski yako mwenyewe. Diski ya kupokelea picha inauzwa kando, ghali kuliko dukani. Uliza kama unaweza kuleta yako. Kuna ada ya kuharakisha. Kuna vipuri, yaani diski nyingine ya aina ile ile inayochinjwa ili kutoa kichwa. Na msemo wa hakuna picha, hakuna malipo uulizie maana yake: wakipata mafaili elfu kumi ya mfumo na picha tatu, wamefanikiwa? Dai orodha ya mafaili kabla ya kulipa, na utaje folda unazozitaka wewe.

Omba bei kwa maandishi. Sheria ya huduma kwa mlaji ya Sweden inasema kwamba ukipewa bei ya makadirio, haiwezi kuzidi kwa zaidi ya asilimia 15 isipokuwa mmekubaliana kiwango kingine. Kadirio la 2,000 mwisho wake 2,300. Bei ya mdomo kwenye simu ni shida kuithibitisha. Barua pepe ya mistari miwili inatosha. Mkishindwana, kuna ushauri wa bure wa Konsumentverket, wakala wa walaji, na baada yake ARN, bodi ya malalamiko ya walaji, ambako huhitaji wakili. Fundi wa kupewa noti bila risiti humfikishi popote.

Diski yenyewe ikiwa haijatimiza miaka mitatu tangu inunuliwe kwenye duka la Sweden, una haki ya kulalamika, na kwa miaka miwili ya kwanza, kwa vitu vilivyouzwa tangu Januari 2022, ni duka linalopaswa kuthibitisha kwamba kosa halikuwa la tangu mwanzo. Ila mtego upo: ukikubali kubadilishiwa, diski ya zamani inabaki kwao, pamoja na picha zako. Hawalipii data. Toa picha kwanza, dai baadaye, na uwaulize kabla ya kumpa fundi aifungue. Bima ya nyumba nayo kwa kawaida inaangalia kifaa, si kumbukumbu zilizomo; ukitoa självrisk (sehemu unayobeba mwenyewe) na uchakavu, kompyuta ya miaka sita inabakiza kidogo sana.

Kuna wanaosema watasubiri Desemba wampelekee fundi wa Luthuli, Nairobi, au wa Kariakoo. Kwa mafaili yaliyofutwa au kompyuta isiyowaka, sioni ubaya. Mikono ipo na bei ni ndogo. Muwe mmeketi naye, na diski irudi na wewe siku hiyo hiyo. Kwa diski inayolia, hapana, na hata hapa Stockholm fundi wa kibandani ningemwambia hapana.

Maabara ya bure iliyo kwenye simu za ndugu

Kabla ya kutoa elfu moja, andika kwenye kundi la familia. Harusi ile, wewe hukuwa mpigapicha peke yako, na ulizituma picha zako Mombasa, Dar na Muscat siku ile ile. Kwa mfano: “Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari zenu. Picha za harusi ya dada zimepotea huku kwenye kompyuta. Shangazi, mjomba, aliyenazo naomba anitumie kama dokumenti, asitume kama picha ya kawaida. Bando nitalirusha.”

Neno dokumenti lina kazi yake. WhatsApp ikituma kama picha ya kawaida huibana tena; ikituma kama dokumenti huiacha ilivyo. Na bando lirushe kweli, maana mafaili mia mbili yanakula pesa ya mtu mwingine. Kwenye simu za Android jina la faili litakusaidia kupanga: IMG-20190714-WA0003 ni ya tarehe 14 Julai 2019, au angalau ndiyo siku iliyopitia WhatsApp. Tarehe ya ndani huwa imeshafutwa.

Hazitakuwa na ubora wa mwanzo. Lakini picha yenye upande mrefu wa nukta 1,600 inatosha kuchapishwa sentimita 10 kwa 15 bila aibu. Pakua pia albamu zako za zamani za Facebook. Kuna familia ambazo miaka ya 2009 hadi 2013 imesalia huko tu.

Zikirudi

Nafasi ya wingu ya GB 200 ni karibu kroni 40 kwa mwezi, 480 kwa mwaka, milele, na ukiacha kulipa unafungiwa kuongeza picha. Diski ya pili ni 800 mara moja, lakini itakufa siku moja. Kwa mwenye kipato kidogo ningechukua diski mbili, moja ikae kwa ndugu wa Hallunda au Södertälje ili moto au mwizi asizipate zote, na wingu la bure libebe picha mia kadhaa zisizo na mbadala. Wingu pekee si nakala ya akiba: ukifuta kwenye simu, linafuta nalo. Na picha ishirini au thelathini zichapishe, ni kroni chache kila moja. Kiwanda cha karatasi ya noti za Sweden kilianzishwa hapa Tumba mwaka 1755. Mji huu unajua karatasi inadumu.

Diski ya zamani usiipeleke bado kwenye kituo cha taka cha Skyttbrink. Fungua kwanza nakala mpya kwenye kompyuta nyingine, si ile iliyonakilia, na ukuze picha za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zikiwa nzima, futa diski ya zamani kwa kuiandika yote upya. Ikiwa imekufa haiandikiki, itoboe kwa drili matundu mawili matatu kupita sahani za ndani, na kama ni SSD itoboe chipu zake. Hapo ndipo kontena la taka za umeme linapoifaa.